Tausi Mmoja, Hukumu Mbili

Tausi ni mgeni katika lugha nyingi anamotajwa. Kwao ni Bara Hindi na kisiwa cha Sri Lanka, ndiko anakoishi mwituni, na Jamhuri ya India ilimfanya ndege wake wa taifa mwaka 1963. Kwengineko alifika kwa jahazi, kwa msafara, au kwa tunu za wafalme, na jina lake likafika pamoja naye. Jina likiwa ugenini hufanyiwa kama afanyiwavyo mgeni yeyote: huvikwa nguo za wenyeji, huoneshwa pa kukaa, na baada ya muda wenyeji huanza kusema juu yake mambo ambayo kwao hayakupata kusemwa.

Makala haya yanazifuata lugha mbili, Kiingereza na Kituruki, ili kuona zimemvika nini ndege huyu. Sababu ya kuzichagua ni ya kikazi. Sisi tunaofasiri mashairi hukutana na tausi mara kwa mara, na kamusi hutupa jibu jepesi mno: kwa Kiingereza ni peacock, kwa Kituruki ni tavus, kwa Kiswahili ni tausi, basi. Kamusi haisemi uongo, ila haisemi yote. Ndege ni yule yule, lakini kila lugha imemtolea hukumu yake, na mfasiri anayevusha ndege bila ya kuivusha hukumu huenda akafikisha tusi mahali pa sifa, au akafikisha sifa mahali pa tusi.

Tuanze na nasaba ya neno lenyewe. Wayunani wa kale walimwita taos, na inasimuliwa kuwa watu wa Athens walilitamka kwa kutia pumzi ya h katikati, jambo lililokuwa geni katika lugha yao na lililolitangaza neno kuwa ni la ugenini. Waarabu wakasema tawus, Waajemi wakasema tavus, Waturuki wakalichukua hivyo hivyo, na watu wa mwambao wetu wakalipokea kuwa tausi. Warumi kwa upande wao walisema pavo, na wataalamu wengi wanaona kwamba taos na pavo yametoka katika chimbuko moja la mashariki. Kutoka kwa pavo la Warumi ndipo Waingereza wa kale walipopata neno lao fupi la pea, ambalo halina udugu wowote na njegere ingawa siku hizi maneno hayo mawili yanaandikwa sawasawa.

Hapo lugha zikaanza kutengana, kwani kila moja iliona kuwa neno hili geni linahitaji kuongezewa kitu cha nyumbani. Mwingereza alilitia mkia wa cock, yaani jogoo, akapata peacock, jogoo la pea. Mturuki alilitia neno lake la kuş, yaani ndege, akapata tavus kuşu, ndege tavus. Mswahili hakulitia kitu isipokuwa irabu ya mwisho, ili lipate kutamkika vizuri kinywani mwake. Nyongeza hizi ni ndogo, na wasemaji wenyewe hawazioni tena, lakini nadhani ndizo zilizoamua mengi yaliyofuata. Kiingereza kilimpa ndege huyu jinsia, naye akawa dume tangu jina. Kituruki kilimweka katika jamii ya viumbe wenye mbawa tu. Kiswahili kilimwacha jinsi alivyokuja.

Katika Kiingereza, basi, tausi ni mwanamume. Jike lake hupewa jina jingine, peahen, na neno la kuwakusanya wote wawili, peafowl, limekuja baadaye sana na hadi leo ni neno la vitabu zaidi kuliko la vinywa. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipotaka kumchora msagaji mmoja mwenye kiburi, mgomvi na mpenda mavazi, alimlinganisha na tausi, na kulinganisha huko kukawa methali ambayo haijafa mpaka leo. Katika orodha ya majina ya makundi ya wanyama iliyochapwa katika Kitabu cha Saint Albans mwaka 1486, kundi la tausi lilipewa neno muster, ambalo Waingereza hulitumia kwa askari wanapokusanywa kukaguliwa. Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonesha. Tausi wa Kiingereza, kwa hiyo, yuko katika gwaride: dume, amesimama, anajionesha.

Shakespeare alimtumia mara kadhaa kwa maana hiyo hiyo ya kiburi. Mahali panaponivutia zaidi ni katika Hamlet, ambapo mwana wa mfalme anamwita baba yake wa kambo kwa neno la ajabu, pajock. Neno hilo limewasumbua wahariri kwa karne nyingi, na wengi wao wameona kuwa ni tausi aliyeandikwa vibaya au kutamkwa kwa lafudhi nyengine. Kama ni hivyo, basi tusi ni zito. Mfalme aliyemuua ndugu yake na kuchukua kiti chake na mke wake anaitwa tausi: mwili ulionakshiwa usiokuwa na haki ya nakshi zake. Fikiri sasa mfasiri wa Kiswahili anapofika hapo. Akiandika tausi, msikilizaji wa Mombasa au wa Pemba atadhani kijana anamsifu muuaji wa baba yake.

Kutoka jina, Kiingereza kilitengeneza kitenzi. Mtu anaye-peacock ni yule anayetembea kwa mikogo ili atazamwe. Wazungu waliohamia Australia walilipa kitenzi hicho maana kali zaidi. Baada ya sheria za ardhi za New South Wales za mwaka 1861 kuruhusu watu kujichagulia viwanja vya serikali, wenye mifugo mingi walichagua vipande vyenye visima, vijito na ukingo wa mito, wakaacha vilivyobaki. Aliyemiliki maji alimiliki kila kilicholizunguka, kwani hapana aliyeweza kulisha kondoo mahali pasipo na pa kunywa. Mtindo huo wa kudonoa madoa mazuri katika nchi, kama macho ya mkia, uliitwa kwa jina la ndege wetu. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao maji yale yalikuwa yao kabla ya sheria na kabla ya kondoo, hawakuulizwa neno.

Mchoraji Whistler naye alimfanya tausi kuwa silaha. Mwaka 1876 alipewa kazi ya kumalizia rangi za chumba cha kulia katika nyumba ya tajiri wa meli, Frederick Leyland, mjini London. Mwenye nyumba alipokuwa safarini, Whistler alikijaza chumba chote rangi ya buluu na dhahabu, akajaza tausi, kisha akadai gini elfu mbili. Leyland alilipa nusu tu, na kwa pauni badala ya gini, jambo lililokuwa dharau kwa msanii, maana gini ilikuwa hesabu ya waungwana na pauni hesabu ya wafanyabiashara. Whistler akajibu kwa kuchora ukutani tausi wawili wanaogombana: mmoja ametapakaliwa na sarafu miguuni, mwengine amesimama katika umaskini wake. Leyland hakuifuta picha ile. Aliendelea kula chakula chake chini yake. Leo chumba kizima kimo katika jumba la makumbusho la Freer mjini Washington, na kila anayeingia huelewa tusi bila ya kuelezwa, almuradi ameizoea lugha yake.

Hata sayansi ya Waingereza ilipambana na neno hili. Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray mwaka 1860 kwamba kila anapoutazama unyoya wa mkia wa tausi huhisi kuugua, kwa kuwa hakuona jinsi pambo zito kama lile lingeweza kumsaidia ndege kuishi. Jibu lake alilitoa kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu: jike ndiye anayechagua, na dume amepambika kwa vizazi na vizazi kwa sababu jike hupendelea waliopambika. Hili ni jambo la kufurahisha. Lugha ilimwita ndege kwa jina la jogoo, ikamsahau mwenzake wa rangi ya hudhurungi asiyekuwa na mkia ule. Akaja mtaalamu wa lugha hiyo hiyo akagundua kuwa hakimu wa shughuli yote ni yule aliyesahauliwa.

Hukumu ya Kiingereza, hata hivyo, haikubadilika. Vijana wa kiume wa London walipoanza kuvaa mashati ya maua na mahameli katika miaka ya 1960, magazeti yaliita mapinduzi ya tausi. Shirika la televisheni la NBC la Marekani lilimchukua ndege huyu kuwa nembo yake mwaka 1956, ili kujivunia matangazo ya rangi. Na katika nyumba nyingi za Uingereza watu wa kale hawakuruhusu unyoya wa tausi uingizwe ndani, wakiamini kuwa macho yale ni ya hasidi na yataleta nuksi.

Sasa tugeukie Uturuki. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kuwa mwenye majivuno katika methali za Kituruki si tausi. Waturuki husema mtu amejitutumua kama hindi, na hindi ni lile bata mzinga letu. Ndege huyo alitoka Amerika katika karne ya 16, na kila taifa la ulimwengu wa kale likamdhania ametoka kwengine. Waturuki walimpa jina la Bara Hindi. Waingereza walimpa jina la Uturuki, na mpaka leo wanamwita turkey. Wahispania walimpa jina la tausi, pavo, kisha wakalazimika kumwita tausi wa kweli pavo real, yaani tausi wa kifalme, ili wasiwachanganye wawili hao mezani. Katika mgawanyo huo Mturuki alipata bahati: ndege mwenye kiburi alikwisha kupatikana, mwenye uso mwekundu na kifua cha kufura, na tausi akabaki huru kubeba maana nyengine.

Maana hizo alizipata kwa njia ya Uajemi na Uarabu, ambako jina la tausi lilikuwa taji la wanazuoni. Tawus bin Kaysan, mwanachuoni wa Yemen aliyekutana na masahaba na kupokea hadithi kutoka kwao, alifariki Makka mwaka 106 wa Hijra, na jina lake linatajwa kwa heshima katika vitabu vinavyosomwa katika vyuo vyetu. Junayd wa Baghdad, imamu wa masufi, aliitwa tausi wa wanazuoni. Abu Nasr al-Sarraj, mwandishi wa mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya tasawwuf, aliyefariki mwaka 988, aliitwa tausi wa mafukara. Hebu ijaribu sifa hiyo ya mwisho kwa Kiingereza. Peacock wa mafukara atakuwa kichekesho, mtu aliyevaa matambara kwa maringo. Kwa Kiarabu, kwa Kituruki na kwa Kiswahili, tausi wa mafukara ni yule aliye mzuri kuliko wote miongoni mwa wale walioukimbia uzuri wa dunia.

Ushairi wa Kituruki uliurithi utajiri huo wote. Washairi wa diwani za Uthmaniya walimweka tausi katika bustani ya mpendwa, wakamtaja pia kwa maana ya malaika, hata Jibrili akaitwa tausi wa utakatifu. Mafundi wa Iznik walimchora katika sahani. Iliyo mashuhuri kuliko zote, ya katikati ya karne ya 16, inatunzwa katika jumba la Louvre mjini Paris, na ndani yake tausi anachungulia katikati ya maua na majani marefu, amekaribia kuwa ua yeye mwenyewe. Hajioneshi kwa mtu. Inambidi mtazamaji amtafute.

Lakini haitakuwa haki kusema kuwa Kituruki kilimsifu tu. Mwaka 1317 mshairi Gülşehri alimaliza kitabu chake cha Kituruki kilichofuata Mantiq-ut-Tayr cha Attar, hadithi ya ndege wanaosafiri kumtafuta mfalme wao. Katika hadithi ya Attar tausi anatoa udhuru wake kama ndege wengine. Yeye, anasema, aliwahi kukaa Peponi, akafukuzwa kwa sababu ya usuhuba wake na nyoka, na sasa hatamani kitu isipokuwa kurudi bustanini. Hudihudi anamkosoa kwa kutaka nyumba akamsahau mwenye nyumba. Kisa hicho kimejengwa juu ya hadithi ya zamani iliyomo katika vitabu vya visa vya manabii, kwamba tausi ndiye aliyemfikisha Ibilisi kwa nyoka, na nyoka akamwingiza Peponi. Kwa hiyo tausi wa mashariki naye ana dhambi. Dhambi yake, lakini, haiko katika kutembea kwa mikogo. Ni dhambi ya mlinda mlango aliyedanganyika, na adhabu yake ni kuishi na kumbukumbu ya mahali alipofukuzwa.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Jalaluddin Rumi, aliyeishi Konya, katika ardhi ya Uturuki ya leo, akafariki huko mwaka 1273. Aliandika kwa Kiajemi, lakini Waturuki wamemsoma, wamemfafanua na wamemwimba hata wakamhesabu wao. Katika daftari la tano la Mathnawi anawataja ndege wanne wa Nabii Ibrahim, akamfanya kila mmoja kuwa ugonjwa wa nafsi: bata ni tamaa, jogoo ni matamanio, kunguru ni kutumaini maisha marefu, na tausi ni kupenda jaha na kutazamwa. Mpaka hapo Mwingereza atatikisa kichwa kwa kukubali. Huyu ndiye peacock wake. Baada ya kurasa chache, hata hivyo, Rumi anamleta tausi mwengine. Mwenye hekima anamkuta akijinyonyoa manyoya kwa mdomo wake mwenyewe, anamlaumu, anamkumbusha kuwa wasomaji wa Qur'ani huyathamini manyoya yale hata wakayaweka baina ya kurasa za msahafu. Tausi analia. Anajibu kuwa manyoya hayo hayo ndiyo yanayomletea wawindaji kutoka kila upande, na kuwa heri awe mbaya na salama kuliko kuwa mzuri na kuandamwa.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hukumu ya pili, na inapingana na ya kwanza mpaka kwenye mzizi. Katika Kiingereza uzuri wa tausi ni kosa lake kwa watazamaji. Katika urithi huu wa Waturuki uzuri wake ni mtihani alioupewa, na watazamaji nao wana makosa yao. Unyoya ambao Mwingereza aliuogopa kuuingiza nyumbani, Mkonya aliuweka ndani ya kitabu kitukufu kuliko vyote. Reynold Nicholson alipoifasiri Mathnawi yote kwa Kiingereza kati ya mwaka 1925 na 1940, hakuwa na neno jengine la kutumia ila peacock, na hakukosea. Lakini msomaji wake amekwisha kumhukumu ndege kabla hajafungua mdomo, na machozi yale yanamfikia yakiwa ya ajabu, kama machozi ya msagaji wa Chaucer.

Mahali pamoja tu hukumu hizi mbili hukutana, nako ni miguuni. Methali za Kiingereza na Gulistan ya Sa'adi, ambayo wanafunzi wa Kituruki waliisoma kwa karne nyingi ili wajue Kiajemi, zote husimulia kuwa tausi huona fahari akitazama mkia wake na huona haya akitazama miguu yake mibaya. Hata hivyo Mwingereza anaitaja miguu ili kumshusha tausi, ilhali Sa'adi anaitaja ili kumwonea huruma mtu anayesifiwa na watu kwa yaliyo nje, naye anayajua ya ndani yake.

Msomaji anaweza kuuliza: tofauti hizi za hukumu zina uzito gani nje ya vitabu? Wako watu ambao kwao neno hili limekuwa suala la roho na uhai, nao ni Wayazidi. Hawa ni jamii inayosema Kikurdi, wengi wao wa kaskazini ya Iraki, na zamani wengi pia wa kusini-mashariki ya Uturuki. Wanaamini Mungu mmoja aliyeukabidhi ulimwengu kwa malaika saba, na mkuu wa malaika hao wanamwita Tawûsî Melek. Waturuki humwita Melek Tavus. Waimbaji wao wa dini walikuwa wakizunguka vijijini na sanamu za shaba zenye umbo la tausi, zinazoitwa sanjak, neno la Kituruki lenye maana ya bendera. Kwa kuwa katika simulizi za baadhi ya masufi Ibilisi kabla ya kuasi aliitwa tausi wa malaika, majirani wao walifanya hesabu nyepesi wakasema: wanayemtukuza ni Ibilisi. Wayazidi wenyewe wanalikana jambo hilo, na ni mwiko kwao hata kulitamka jina la shetani.

Waingereza walifika wakaongeza lao. Austen Henry Layard, mchimbuaji wa Nineveh, alikaa nao, akahudhuria sikukuu yao katika bonde la Lalish, akaandika juu yao kwa wema. Lakini jina refu la kitabu chake cha mwaka 1849 liliwaita waabudu shetani, na jina la kitabu husomwa na wengi kuliko kitabu. Kisha jina la malaika likafasiriwa kuwa Peacock Angel. Tazama sasa neno lilivyofanya kazi. Tavus wa Kituruki na wa Kikurdi hana kiburi katika jina lake. Peacock wa Kiingereza anacho, na kiburi ndicho kilichomtoa Ibilisi. Bila ya kukusudia, tafsiri iliithibitisha tuhuma.

Sisemi kuwa tafsiri iliua watu. Walioua walikuwa na silaha na nia zao. Mwaka 1892 jeshi la Uthmaniya likiongozwa na Ömer Vehbi Pasha lilivishambulia vijiji vyao, likaiteka Lalish na kuchukua sanjak zao. Neno ferman, ambalo kwa Kituruki ni amri ya sultani, limekuwa katika midomo ya Wayazidi jina la mauaji ya umma, na wanazihesabu ferman zao sabini na zaidi. Ya karibuni ilikuja Agosti 2014, wakati kundi lililojiita Dola ya Kiislamu lilipoiingia Sinjar, likaua wanaume, likawateka wanawake na kuwauza. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka kuwa hayo ni mauaji ya kimbari, na mwaka 2018 Nadia Murad, mmoja wa waliotekwa, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani pamoja na daktari Denis Mukwege wa Kongo. Tuhuma iliyotumiwa kuhalalisha yote hayo ilikuwa ile ile ya zamani, iliyosimama juu ya kisa kimoja na jina moja la ndege. Muislamu, Mkristo au mwengine yeyote hahitaji kuikubali imani ya Wayazidi ili akubali kuwa mtu ana haki ya kueleza mwenyewe maana ya neno analolisalia.

Turudi sasa katika lugha yetu, tuone tausi wake amekaa upande gani. Kiswahili, kama Kituruki, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi vyake. Yeye ni yeye. Neno tausi, ambalo halina jogoo ndani yake, lilikuwa huru kwenda litakako, likaenda kwa wanawake. Tunawaita binti zetu Tausi. Washairi wetu humwita mpendwa tausi wakitaja mwendo wake wa madaha, ingawa mkia tunaousifu ni wa dume. Hatuko peke yetu katika hilo: huko Uajemi, Shah Fath Ali alikuwa na mke aliyeitwa Tavus, na kiti chake cha enzi kikaja kujulikana kwa jina la bibi huyo. Katika nchi yetu tausi pia ni ndege wa heshima ya dola. Amefugwa Ikulu kwa miaka mingi, na mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwagawia marais wastaafu baadhi ya tausi hao kuwa tunu. Hapana aliyedhani kuwa wazee wale wametukanwa.

Kwa hiyo mfasiri wa mwambao anasimama karibu na Konya kuliko London, na inafaa alijue hilo kabla ya kushika kalamu. Anapofasiri kutoka Kiingereza na kumkuta mwanamume anayeitwa peacock kwa kejeli, namshauri amwache ndege na aichukue kejeli. Tunayo maneno ya kutosha: mwenye mikogo, mjivuni, mpenda makuu. Tunalo pia mlimbwende, ambalo kwa wazee lilikuwa ni la kijana aliyezidisha kujipamba, ingawa siku hizi magazeti yamelihamishia kwa wasichana wa mashindano ya urembo na kuling'oa meno. Kwa Hamlet, mimi ningechagua neno lenye dharau ya wazi, na tausi ningemwacha apumzike. Anapofasiri kutoka Kituruki au Kiajemi, tausi naabaki tausi, kwani msomaji wetu yuko tayari kumsikia akilia. Na anapokutana na Tawûsî Melek, aandike Malaika Tausi bila ya woga. Kiswahili kinaweza kulifikisha jina hilo karibu kabisa na jinsi linavyosikika kwa wanaoliamini, jambo ambalo Kiingereza, kwa wingi wa maneno yake yote, hakikuliweza.

Limebaki jambo moja, nalo ni deni letu. Tausi wetu husifiwa, hupewa jina, huwekwa katika beti na katika bustani za Ikulu, lakini ni nadra kumsikia akisema. Tunamtazama tu. Tausi wa Rumi alisema uzuri wake unamgharimu nini, na nani anayemwandama kwa ajili yake. Miongoni mwa wanawake walioitwa tausi katika mashairi yetu wako bila ya shaka wenye la kujibu, na miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi wamo wanaoweza kuwaandikia jibu hilo, au wao wenyewe ndio wa kulitoa.